Ni kwa sentensi ipi askari alipaswa kumzimia mhubiri kipaza sauti?

Mwanamwalo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimekulia Igogo hapa Mwanza, na miaka yote sijaona ajabu mhubiri kusimama kwenye kiwanja cha mtaa na spika zake mbili na jenereta linalounguruma nyuma ya turubai. Mikutano ya injili huja, mihadhara huja, watoto hukaa mbele kabisa kwenye vumbi, wauza karanga hupita katikati ya watu, na ikifika saa tatu usiku kila mtu anarudi kwake na dini ileile aliyokuja nayo. Ninachokileta leo kimetokana na mkutano wa siku tatu uliofanyika mtaani kwetu wiki mbili zilizopita, na ningependa nijibiwe kwa hoja, maana mimi mwenyewe sijapata jibu la kuniridhisha.

Siku ya kwanza mhubiri, ambaye alikuwa mgeni, alieleza kwa nini kitabu cha dini nyingine hakiwezi kuwa neno la Mungu. Alisoma aya, akazilinganisha, akacheka kidogo. Siku ya pili alisema wafuasi wa dini hiyo wamepotea na wote wanakwenda motoni, pamoja na watoto wao wanaorithishwa upotevu huo. Siku ya tatu, giza likiwa limeshaingia, alisema watu hao ni kupe waliojishikiza kwenye mgongo wa mtaa huu. Kisha akanyoosha kidole kuelekea barabarani akasema: "Mnakwenda kununua sukari kwenye duka lenye mlango wa bluu, pale kona, halafu mnauliza kwa nini hambarikiwi. Acheni kununua pale. Na siku ikifika, mtajua wenyewe cha kufanya."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua kama thelathini kutoka dukani hapo. Mzee mwenye duka alikuwa anapima unga wa dona, na aliposikia mlango wake ukitajwa hakusimamisha mkono; aliendelea kumimina hadi unga ukafurika kwenye sahani ya mizani na kumwagikia kaunta. Baada ya hapo alizima taa ya nje, akaurudisha mlango nusu. Asubuhi tuliikuta taa imepasuliwa kwa jiwe na mlango umepakwa kinyesi.

Askari wawili walikuwepo siku zote tatu kulinda mkutano. Nilipomwuliza mmoja wao kwa nini hawakumzuia mhubiri, alinijibu kwa upole kabisa: "Kaka, ni sentensi ipi ningemzuilia?" Nimelibeba swali hilo tangu siku hiyo.

Sitataja dini ya mhubiri wala ya mwenye duka. Nimewasimulia watu kadhaa mkasa huu na nimeona jibu la mtu hugeuka anapojua nani ni nani, jambo ambalo kwangu linatisha kuliko mkasa wenyewe.

Naomba kuwasilisha.

Ngosha_wa_Magu

Sentensi ya kwanza. Naam, ile ile ya kwanza kabisa. Dini ifanyiwe ndani ya msikiti na ndani ya kanisa, na spika zote za mtaani zichukuliwe. Mimi ninaamka saa tisa usiku kuwahi soko la Kirumba, na sioni kwa nini nilazimishwe kusikiliza ubishi wa watu wawili ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kutoka huko mbinguni atuambie aliyeshinda ni nani.

Wakili_Nera

Swali la askari huyo ni zuri kuliko hoja nyingi ninazozisikia mahakamani, kwa hiyo tulichukue kama lilivyo na kuipitia kauli moja baada ya nyingine.

Kauli za siku ya kwanza na ya pili zinalindwa, hata kama zinauma. Ibara ya 18 ya Katiba ya 1977 inalinda uhuru wa maoni, na ibara ya 19 inasema kazi ya kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini ni huru na ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Wapo wanaodhani maana yake ni kuisifu dini yako bila kuigusa ya mwenzako, lakini hilo haliwezekani, kwa sababu ukitangaza kwamba Mungu ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa, tayari umeikana imani ya jirani wa kulia, na ukitangaza kwamba hakuna afikaye kwa Baba ila kwa Mwana, tayari umemfungia mlango jirani wa kushoto. Dini hizi mbili zina ubishi ndani yake tangu siku ziliposhuka. Anayezitaka bila ubishi huo anataka kitu kingine.

Ubishi huo umeshafika mahakamani. Mwaka 2001 mhubiri wa Kiislamu, Hamisi Rajabu Dibagula, alihukumiwa huko Morogoro kifungo cha miezi 18 kwa kusema hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Alishtakiwa kwa kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomwadhibu anayetamka neno kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine. Na kwa kuwa kifungu chenyewe kinatoa kifungo cha mwaka mmoja tu, hata hesabu ya adhabu ilikuwa imekosewa. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani, jopo likiongozwa na Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ilimfutia hatia. Kilichomwokoa ni lile neno "makusudi", kwa sababu kutangaza imani yako, hata ikimchoma anayesikiliza, si sawa na kukusudia kumchoma. Kwa hiyo ndugu Ngosha, sentensi ya kwanza tumeshaitolea hukumu katika nchi hii. Malalamiko yako ya spika ni ya kelele, na kelele zina kanuni zake za mazingira ambazo hazijali kilichosemwa; wimbo wa harusi na mahubiri hupimwa kwa kipimo kimoja.

Kuhusu siku ya tatu nitarudi jioni, nina kesi.

Kidume_Pasiansi

Kwanza mwanzisha uzi atuambie mhubiri alikuwa wa upande gani. Bila hilo tunajadili hewa.

Mwanamwalo (mwanzisha uzi)

Hapana.

Kidume_Pasiansi

Basi mimi ninajua tayari, na ninyi wote mnajua.

MamaLishe_Mabatini

Nimesoma maelezo ya wakili nikayaelewa, lakini naomba niseme kitu ambacho sheria hukiruka. Siku ile ya pili, ambayo wakili ameipitisha kwa kalamu moja pamoja na ya kwanza, mtoto wangu wa miaka saba angekuwa pale mbele kwenye vumbi, kwa sababu watoto huwafuata wenzao kwenye spika bila kuuliza ni za nani. Angerudi nyumbani akiniuliza kama ni kweli yeye anakwenda motoni kwa sababu ya mafundisho yangu. Hilo lilishanitokea. Nilikuwa ninageuza samaki kwenye karai, mtoto akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, na sikujua nimjibu nini hadi samaki wakaungua.

Sidai mhubiri huyo afungwe. Ninachodai ni kwamba tusilizungumze jambo la "kustahimiliana" kana kwamba halina gharama, halafu gharama yenyewe tukawaachia wanawake na watoto wailipe jikoni. Jirani yangu wa dini nyingine alinisaidia siku ile. Alimwita mtoto akamwambia: "Mwambie mama huko motoni atanikuta nimeshamwekea sufuria." Tulicheka wote watatu. Lakini si kila mtaa una jirani wa namna hiyo.

Mwinjilisti_Buhongwa

Ninahubiri hadharani kwa mwaka wa kumi na nne sasa, Buhongwa, Usagara, Misungwi, na mara chache viwanja vya Furahisha, kwa hiyo ninajua mambo ya jukwaani yanavyokwenda na sitajifanya mtakatifu.

Mhubiri anapokuwa juu hupimwa na makofi. Ukifafanua maandiko kwa nusu saa, watu husinzia na wengine huondoka kwenda kuangalia mpira. Ukitaja dini ya mwenzako kwa kejeli, uwanja huamka. Ukiitaja kwa hasira, uwanja hukupigia kelele za "Endelea baba!" na hapo ndipo jaribu lilipo, kwa sababu kelele zile ni tamu na zinakusukuma useme kitu kikali kuliko kile cha mwanzo. Mimi nimewahi kusema neno ambalo sikuwa nimelipanga, nikalijutia kabla sijamaliza kulitamka, na hakuna aliyenizuia, si mchungaji wangu wala askari wala mzee wa kanisa aliyekaa nyuma yangu akipangusa jasho. Wote walipiga makofi.

Ninaunga mkono kwamba kauli za siku ya kwanza na ya pili ziachwe. Tukizipiga marufuku hizo, hakuna mwinjilisti wala ustadhi atakayebaki nje. Lakini "kupe" si neno la maandiko yoyote ninayoyajua. Mtu akimwita mwenzake kupe ameacha kuhubiri, kwa sababu kupe hahubiriwi akaokoka, kupe hubanduliwa.

Mtoto_wa_Bucha

Naomba niwapeleke ng'ambo ya ziwa kidogo, Geita, mwanzoni mwa 2013. Wengi wenu mnakumbuka ule ugomvi wa kuchinja uliotanda Kanda ya Ziwa yote, baadhi ya Wakristo wakihoji kwa nini nyama ya kuuzwa bucha ichinjwe na Waislamu peke yao, na Waislamu wakisema utaratibu huo umekuwepo miaka yote na ndio unaomwezesha kila mtu kula.

Baba yangu, Mkristo, alikuwa na bucha, na nyama yake ilichinjwa machinjioni na mzee Mwislamu ambaye walifahamiana tangu wakiwa vijana. Katika wiki chache hivi nilijifunza mambo ambayo sijayasahau. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja kila Jumamosi kuchukua nusu kilo ya nyama ya mchanganyiko, na kwa miaka yote alichouliza ni kama kuna mafuta. Jumamosi moja aliegemea kaunta akanong'ona: "Leo kisu kilishikwa na nani?" Baba alimjibu: "Kilishikwa na yuleyule." Mama yule alisimama, akatazama nyama iliyoning'inia, akazikunja fedha zake na kuzirudisha kwenye fundo la khanga. Kufikia mchana walikuwa wameuliza hivyo watu sita, wa pande zote mbili, kila mmoja akitaka jibu tofauti. Jioni tuliwapa mbwa maini.

Februari mwaka huo vurugu zilizuka Buseresere na mchungaji mmoja akauawa kwa ugomvi huohuo.

Ninamwuliza wakili: kabla ya siku hiyo, ni sentensi ipi ilikuwa ya kosa? Nilikuwepo kanisani, na rafiki zangu walikuwepo msikitini. Hakuna aliyesema "ueni". Walisema "msile". Kukataa kula ni haki ya mtu. Lakini "msile" ikisemwa Jumapili, ikasemwa Ijumaa, ikasemwa sokoni, ikafika kwenye kaunta ya baba yangu kwa kunong'ona, inakuwa kitu kingine ambacho sheria yako ya kupima sentensi mojamoja haikioni.

Wakili_Nera

Ndugu Mtoto wa Bucha, umeniharibia nusu ya jibu nililokuwa nimeliandaa, na ninakushukuru.

Ni kweli kwamba sentensi peke yake haitoshi. Ndiyo maana wataalamu walioitishwa na Umoja wa Mataifa walipoandaa Mpango wa Utekelezaji wa Rabat mwaka 2012 hawakutoa orodha ya maneno yaliyokatazwa, bali vipimo sita ambavyo vyote huangaliwa kwa pamoja: hali ilivyo mahali hapo kwa wakati huo, msemaji ni nani kwa wanaomsikiliza, alikusudia nini, alisema nini na kwa namna gani, maneno yalifika umbali gani, na kuna uwezekano gani wa madhara kutokea. Nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa mwaka 1976, na ibara ya 20 ya mkataba huo inataka sheria ikataze uchochezi wa chuki ya kidini unaosukuma watu kwenye ubaguzi, uadui au fujo. Angalieni jinsi ilivyosukwa: haikatazi chuki iliyomo moyoni, wala haikatazi matusi yote, inakataza ule msukumo wa kumtoa msikilizaji alipokaa akafanye jambo dhidi ya mwenzake.

Sasa siku ya tatu ya Igogo. "Kupe" peke yake ni neno chafu, na kwa maoni yangu bado si kosa la kumweka mtu ndani. "Msinunue" peke yake ni kususia, na watu hususia maduka kwa sababu elfu moja. Lakini amesimama mtu mwenye mamlaka ya kiroho, usiku, mbele ya umati uliochemshwa kwa siku tatu, akaunganisha kupe na mlango wa bluu na "mtajua cha kufanya", huku mwenye mlango akiwa hatua thelathini kutoka hapo. Kwa kipimo changu kosa limekamilika pale alipotaja mlango. Kabla ya hapo alikuwa anazungumzia dini, na baada ya hapo alikuwa anamzungumzia mtu mmoja anayejulikana anapolala. Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 63B juu ya kauli kwenye mkusanyiko zinazoelekea kuleta uhasama baina ya makundi, na ina kosa la kushawishi wengine watende kosa. Hakuna haja ya sheria mpya.

Kuhusu "msile" ya Geita, sheria haikuwa na la kufanya kanisani wala msikitini, na ingefanya ingewasha moto mapema zaidi. Hapo palihitajika watu wengine, tena mapema, kabla ya Jumamosi ya mama yule.

Mwanamwalo (mwanzisha uzi)

Mjadala umefika mahali ambapo sikutegemea, na umenikumbusha jambo la zamani.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka tisa na mama yangu alikuwa akiuza samaki. Kwa wiki kadhaa alirudi na beseni lililojaa kama lilivyoondoka, sangara wakiwa wamepoteza ule mng'ao wa macho, akawa anawakausha kwa moshi usiku kucha na bado hawanunuliki. Watu walikuwa wakiuliza samaki wamekula nini. Maiti zilikuwa zikiletwa na mto Kagera kutoka Rwanda, kwa maelfu, hadi ziwani, na ng'ambo ya Uganda wanakijiji walikuwa wakizitoa majini na kuzizika. Mimi nilijua tu kwamba hatuli samaki na kwamba mama hataki kueleza.

Baadaye sana nilisoma kwamba Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliwaambia wafuasi wake kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mkato, kupitia mto Nyabarongo. Nyabarongo unaingia Akagera, ambao sisi tunauita Kagera, na Kagera unaingia kwetu. Katika sentensi hiyo hakuna neno "ua". Ilichukua mwaka mmoja na nusu kutoka mdomoni mwake hadi kwenye beseni la mama yangu. Wakili anaponiambia tuangalie kama madhara "yako karibu", ninashindwa kujua karibu ni kiasi gani.

Wakili_Nera

Ni hoja nzito, na hata mahakama zimegawanyika juu yake. Marekani tangu kesi ya Brandenburg ya mwaka 1969 inataka madhara yawe ya papo kwa hapo ndipo maneno yaadhibiwe. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa hapo Arusha ilipita njia nyingine: mwaka 2003 iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura, vyombo vilivyoeneza chuki dhidi ya Watutsi, lakini mwaka 2007 chumba cha rufani kikapunguza adhabu na kusisitiza kwamba maneno ya chuki na uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari ni vitu viwili.

Kesi inayofanana na uzi huu kuliko zote ni ya Simon Bikindi, mwanamuziki. Nyimbo zake zilipigwa redioni kuchochea watu, na mahakama haikusema vinginevyo, lakini hazikumtia hatiani. Kilichomtia hatiani mwaka 2008, akapewa miaka 15, ni maneno aliyoyasema mwishoni mwa Juni 1994 kwa kipaza sauti kilichofungwa kwenye gari, akiwa barabarani kati ya Kivumu na Kayove, akiwahimiza watu wawaue Watutsi. Spika, barabara, umati, na walengwa wanaojulikana. Ukiondoa ukubwa wa jambo, ambao haufananishiki, vigezo ni vilevile vya pale Igogo.

Mvuvi_Nansio

Nimewasoma wote na ninaona mnasahau aliyeshika filimbi. Mnajadili kana kwamba sheria ikishaandikwa vizuri hutumika yenyewe.

Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walishtakiwa kwa ugaidi, wakakaa mahabusu miaka na miaka bila kesi kufika mwisho, hadi Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyaondoa mashtaka Juni 2021. Kama walikuwa na hatia, tulipaswa kuuona ushahidi. Kama hawakuwa nayo, nani atawarudishia miaka ile? Juni 2025 Msajili wa Jumuiya alilifutia usajili kanisa la Askofu Josephat Gwajima, baada ya askofu kulalamikia utekaji wa watu, kwa maelezo kwamba mahubiri yake yalikuwa ya kisiasa na ya kuichonganisha serikali na wananchi. Mtu anaweza asimpende Gwajima, na mimi nina sababu zangu, lakini alichokuwa anakitetea ni watu wasitekwe. Waumini waliofungiwa milango siku hiyo hawakuwa wamemwita mtu yeyote kupe.

Kwa hiyo nikiambiwa "uchochezi" ninauliza kwanza: aliyechochewa amfanyie nani nini? Kama jibu ni "aichukie serikali", hilo si suala la mzee wa duka. Serikali ina majeshi na haipakwi kinyesi mlangoni. Kila neno linaloongezwa kwenye sheria hizi kwa ajili ya kumlinda mzee, huanza kumtumikia mkubwa kwanza.

Jirani_Kisumu

Salamu kutoka Kenya, upande huu wa ziwa. Naomba niongeze ya kwetu kwa ufupi. Baada ya machafuko ya uchaguzi tulitunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, na kifungu cha 13 kinaharamisha matamshi ya chuki za kikabila. Ni sheria nzuri kuisoma, ila kesi za wanasiasa huanza kwa kishindo na kuishia kimyakimya.

Njia ya pili tuliyoijaribu ilikuwa mbaya zaidi. Sheikh Aboud Rogo wa Mombasa alikuwa akihubiri waziwazi kuunga mkono wapiganaji wa Somalia, na alikuwa na kesi mahakamani. Tarehe 27 Agosti 2012 alipigwa risasi barabarani akiwa na familia yake, na hadi leo hakuna aliyeadhibiwa. Mombasa iliwaka, makanisa yakavamiwa, na mahubiri yake yaliyorekodiwa yakazidi kusambaa. Mahakamani angejibiwa, na wafuasi wake wangemsikia akijibiwa. Nafasi hiyo ilikwenda naye kaburini.

Kidume_Pasiansi

Jirani umesema vizuri. Ila nimegundua ulipomtaja sheikh nilikubali haraka, na mvuvi alipomtaja askofu nilianza kutafuta udhuru. Ninaliweka hapa tu, msinicheke.

Ngosha_wa_Magu

Hatucheki. Lakini spika zizimwe saa mbili usiku, hapo sitoki.

Mwanamwalo (mwanzisha uzi)

Wakuu, ninarudi na mrejesho, samahani kwa kuchelewa.

Alhamisi kulikuwa na kikao ofisini kwa mtendaji wa mtaa. Walikuja wazee wa mtaa, viongozi wa dini zote mbili na yule askari aliyeniuliza swali. Mhubiri mwenyewe ameshaondoka mkoani. Kijana mmoja alikuwa amerekodi siku ya tatu kwa simu, polisi wameichukua rekodi hiyo na maelezo ya mwenye duka yameandikwa. Kiongozi wa dini ya mhubiri alisimama akasema mbele ya wote kwamba yule mgeni hatapewa tena jukwaa kupitia kwake, kisha akaenda dukani kwa miguu, bila msafara, akakaa juu ya gunia la mchele kama saa nzima. Sijui walizungumza nini.

Baada ya kikao nilimwendea askari nikamwambia sasa ninayo sentensi, ni ile ya mlango wa bluu. Alifikiri kidogo akasema: "Sawa. Lakini ningepanda jukwaani akiwa ameshaitamka." Sikuwa na jibu.

Wakati tunaondoka, kijana aliyekuwa akisimamia jenereta alinifuata. Ni muumini wa dini ya mhubiri, na jina lake limo kwenye daftari la madeni la duka lile, mchele kilo mbili na sabuni ya mche. Aliniambia mhubiri aliposema "kupe" yeye alishika swichi, akaishikilia hivyo hadi mkutano ulipokwisha, akiogopa kwamba akizima watasema shetani amekata umeme. Aliniuliza kama angefanya kosa. Nilimwambia nitawauliza ninyi.

Mzee ameupaka mlango upya. Rangi ni ileile.